Tongoni: Siku Moja katika Mji wa Mawe wa Mtang'ata

Miji ya mawe ya mwambao wa Afrika Mashariki, ambayo mingi yake leo ni mahame yaliyozingirwa na vichaka, ilistawi katika kipindi ambacho wanahistoria wa Ulaya hukiita Zama za Kati, yaani karne zipatazo kumi zilizofuata kuanguka kwa dola ya Rumi ya magharibi na kukoma karibu na mwaka 1500. Katika kipindi hicho Wafaransa waliizungushia miji yao kuta ndefu zenye minara, na mmoja wa miji hiyo, Carcassonne, umekarabatiwa kiasi kwamba watalii huweza kushinda humo kutwa nzima wakizunguka juu ya kuta na kupita katika malango yake. Mkazi wa Tanga anayetamani siku ya namna hiyo hahitaji kuvuka bahari kuitafuta. Kilometa zipatazo 20 kusini mwa jiji, kando ya barabara ya zamani iendayo Pangani, katika kijiji cha Tongoni, yamebaki magofu ya mji uliojulikana kwa jina la Mtang'ata, wenye msikiti mmoja mkubwa wa mawe na makaburi zaidi ya 40, mji ambao ulikuwa na watu, biashara na watawala wake wakati Carcassonne ilipokuwa bado ngome ya mpakani ya wafalme wa Ufaransa.

Anayekwenda Tongoni hufanya vyema kuondoka Tanga asubuhi na mapema, na zipo sababu mbili za kumshauri hivyo. Ya kwanza ni mwanga, kwa kuwa jua la asubuhi huzipiga kuta kutoka ubavuni na kuyatokeza mapambo ya chokaa, mistari ya pambizo na vishimo vidogo ambavyo jua la mchana hufuta kabisa machoni pa mtazamaji. Ya pili ni maji. Hori ya Tongoni haina kina, na bahari inapokupwa, hasa wakati wa bamvua, yaani zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, ufuko hubaki wazi hadi mbali na mikoko husimama juu ya tope. Mtu akiiona hori katika hali hiyo huelewa mara moja kwa nini mji ulijengwa hapa: vyombo vya zamani, kuanzia mtepe ulioshonwa kwa kamba za nazi hadi jahazi, havikuhitaji gati, bali viliingia na maji yajaayo, vikakaa juu ya mchanga maji yakitoka, vikapakuliwa kwa miguu, kisha vikaelea tena.

Bahari hiyo hiyo yenye mafungu na miamba ndiyo iliyouingiza mji huu katika maandishi ya Ulaya. Mwezi Aprili 1498 merikebu tatu za Vasco da Gama zilikuwa zikipanda kuelekea kaskazini, na alfajiri ya siku moja kabla ya kuwasili Mombasa, ambako zilifika tarehe 7, mojawapo, São Rafael, iliyoongozwa na Paulo da Gama, nduguye Vasco, ilipanda fungu mbele ya pwani hii na kukwama hadi maji yalipojaa tena. Mwandishi wa shajara ya safari hiyo alisimulia kwamba upande wa bara palionekana safu ya milima mirefu yenye sura nzuri, ambayo Wareno waliipa jina la merikebu yao iliyokwama, na milima hiyo ni ile ile ya Usambara ambayo bado huonekana kutoka Tongoni asubuhi isiyo na ukungu. Aliandika pia kwamba wenyeji walitoka kuwajia kwa vyombo viwili vidogo, kimoja kikiwa kimejaa machungwa ambayo mabaharia waliyasifu kuwa mazuri kuliko ya Ureno. Habari hiyo ya machungwa inastahili kukumbukwa, maana ndiyo taarifa ya kwanza iliyoandikwa na mgeni kutoka Ulaya kuhusu watu wa Mtang'ata, na inawaonyesha wakiwa watu wenye bustani, wenye vyombo, na wasioogopa kumwendea mtu aliyepatwa na shida baharini.

Mwaka uliofuata Wareno walirudi katika hali mbaya zaidi. Kuvuka kutoka Bara Hindi kuliwachukua karibu miezi mitatu, na kiseyeye, maradhi ya kuvimba fizi na kuishiwa nguvu yanayompata mtu aliyekosa matunda na mboga kwa muda mrefu, kiliwaua wengi hata mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Mnamo Januari 1499, mahali pale pale ilipokuwa imekwama, walihamisha shehena ya São Rafael na kuichoma moto. Walikaa hapo kwa siku 15, na katika siku hizo watu wa Mtang'ata, ambao jina la mji wao liliandikwa katika shajara kwa tahajia iliyopinda kidogo, waliwaletea kuku wengi na kubadilishana nao kwa mashati na bangili. Ni vigumu kusimama ufukweni pa Tongoni ukijua hayo bila kuangalia upande wa mafungu ya nje na kufikiri kwamba moja ya merikebu za safari ile mashuhuri iliishia katika maji haya haya ambamo wavuvi wa ngalawa hutupa nyavu.

Kutoka ufukweni mgeni huelekea kwenye magofu yenyewe, ambayo yako chini ya Idara ya Mambo ya Kale na yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Jengo kubwa kuliko yote ni msikiti. Paa lake liliporomoka zamani, lakini kuta zake bado zinaonyesha mpango wa ndani, na ukuta wa kaskazini una mihrabu, yaani kile kibanio cha upinde kinachoonyesha upande wa kibla na ambamo imamu husimama kuwaongoza waumini. Msikiti huu haukuwa chumba kimoja kipana. Kama misikiti mingi ya kale ya mwambao, uligawanywa kwa kuta na nguzo zikafanya nafasi nyembamba zinazofuatana, na sababu yake haikuwa ya ibada bali ya ujenzi. Mapaa bapa ya mawe na chokaa yalibebwa na boriti, yaani miti ya mikoko iliyonyooka, na mti wa mkoko ulio imara kubeba uzito huo hauna urefu mkubwa, kwa hiyo umbali kati ya ukuta na ukuta haukuweza kuzidi mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Upana wa vyumba vya Waswahili wa kale, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ulipangwa na msitu wa mikoko.

Kuta zenyewe ni za matumbawe, yaani mawe yanayotokana na mifupa ya viumbe wadogo wa baharini, na mtu akisogea karibu huweza kutofautisha aina mbili. Ya kwanza ni jiwe gumu la nchi kavu, mwamba wa matumbawe ya zamani sana, ambalo lilichimbwa na kupangwa katika udongo wa chokaa bila kuchongwa kwa uangalifu. Ya pili ni tumbawe laini lililokatwa likiwa bichi ndani ya bahari, ambalo likiwa na unyevu huchongeka kwa urahisi na likikauka huwa gumu, na hilo ndilo lililotumika kwenye pembe, milango na mihrabu, mahali palipotakiwa ukingo mkali na nakshi safi. Ukiweka jicho karibu na jiwe la aina hii, huona vitundu vidogo vyenye umbo la nyota ambamo wale viumbe waliishi.

Chokaa inastahili kuzungumzwa kwa kirefu, kwa sababu uhai wa magofu haya uko mikononi mwake. Mafundi wa zamani walipanga magogo kwa duara, tabaka juu ya tabaka, wakarundika juu yake vipande vya matumbawe, kisha wakawasha moto ambao uliwaka kwa muda mrefu hadi mawe yakageuka unga mweupe. Unga huo ulizimwa kwa maji, ukaachwa ukae kwa miezi, maana chokaa iliyokaa hulainika na kushika vizuri zaidi, ndipo ukachanganywa na mchanga na kutumiwa kwa kujengea na kupakia. Chokaa ya namna hii haiwi ngumu kupita jiwe inaloliunganisha, huruhusu unyevu kuingia na kutoka, na ukuta ukitikisika kidogo hupasuka nyufa ndogo zinazoweza kuzibwa. Saruji ya viwandani haina tabia hiyo. Ikipakwa juu ya ukuta wa matumbawe huufunga kama ngozi isiyopumua, maji ya mvua na chumvi ya bahari hunaswa ndani, chumvi hiyo hukauka na kutanuka ndani ya jiwe, na baada ya miaka michache saruji hubanduka ikiwa imeng'oa uso wa jiwe pamoja nayo. Kwa ajili hiyo wahifadhi wa miji ya mawe, kuanzia Zanzibar hadi Kilwa, husisitiza chokaa, ingawa huchelewesha kazi, na huona kuwa fundi anayejua kuichoma na kuizima ana thamani kuliko mfuko wa saruji wa bei yoyote.

Hata hivyo, kinachoifanya Tongoni kuwa ya pekee ni makaburi yake. Kaburi la nguzo, ambalo ni mtindo wa Waswahili wenyewe na hupatikana kuanzia kusini mwa Somalia hadi pwani ya Tanzania, lina kuta fupi za mawe zilizouzunguka mwili wa kaburi, na upande mmoja wa kuta hizo huinuka nguzo ndefu ya pembe nne, ya pembe nane au ya mviringo. Makaburi ya aina hii yako Malindi, Kunduchi na Kaole karibu na Bagamoyo, lakini hakuna mahali yalipokusanyika mengi kama Tongoni. Mengi huhesabiwa kuwa ya karne ya 14 na 15. Nguzo nyingi zimeanguka na kulala vipande vipande kati ya nyasi, na chache bado zimesimama.

Mgeni asiharakishe hapa. Akizichunguza nguzo na kuta za makaburi ataona vishimo vya mviringo vilivyozama katika lipu ya chokaa, na vishimo hivyo ndivyo vilivyokuwa vikao vya bakuli na sahani za kauri, nyingine zikiwa zimetoka China, ambazo zilipachikwa ili zing'ae juani juu ya kaburi la mtu mashuhuri. Vyombo vyenyewe karibu vyote vimetoweka, vingine kwa kuvunjika na vingine kwa kung'olewa na watu, lakini chokaa imehifadhi alama yake vizuri kiasi kwamba katika baadhi ya vishimo mtu anaweza kukisia ukubwa wa bakuli lililokuwapo. Mji uliokuwa na uwezo wa kupachika kauri za mbali katika makaburi yake, badala ya kuzitumia mezani tu, ulikuwa na utajiri wa kutosha na pia ulikuwa na desturi iliyokomaa ya kuwaheshimu waliotangulia.

Richard Burton, msafiri wa Kiingereza aliyefika pwani hii mwaka 1857, alivutwa zaidi na kigae chenye maandishi ya Kiajemi kilichokuwa katika moja ya makaburi, na tangu hapo wako waliopenda kuieleza Tongoni yote kama kazi ya wageni kutoka Uajemi. Maelezo hayo hayatoshi. Kigae, kama bakuli la kauri, kilikuwa bidhaa iliyosafiri na pepo za msimu, kaskazi ikileta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi na kusi ikivirudisha, ilhali nguzo, mpangilio wa msikiti na ufundi wa chokaa ni vya watu wa mwambao. Madai ya asili ya Shirazi, ambayo koo nyingi za pwani huyashikilia, ni sehemu halali ya historia yao na yanaonyesha jinsi walivyojiona kuwa ndani ya ulimwengu mpana wa Uislamu, lakini hayamnyang'anyi mjenzi wa Mtang'ata kazi ya mikono yake. Katika karne ya 18, baada ya mji kufifia, walifika hapa wahamiaji waliojinasibisha na Washirazi wa Kilwa, na hao wanakumbukwa kuwa walikarabati baadhi ya makaburi ya kale. Kwa hiyo wazo la kuutunza mji huu ni la zamani kuliko idara yoyote ya serikali.

Msomaji aliyezoea picha za miji ya Ulaya atauliza ukuta wa mji uko wapi. Tongoni haina ukuta wa mji unaoonekana leo ambao mgeni anaweza kuuzunguka, na anayetaka kuona mji wa Waswahili wenye boma kamili itampasa avuke mpaka wa Horohoro, apite Mombasa, aende hadi Gede karibu na Watamu. Gede ina kuta mbili, wa nje ukizunguka eneo la takriban hektari 18 na wa ndani ukizunguka msikiti mkuu, jumba la mtawala na nyumba za matajiri, na humo mna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, ambao ni sawa na 1399. Kuta hizo zililinda mji, lakini pia ziliwatenga watu, kwa kuwa nyumba za mawe za waungwana zilikuwa ndani zaidi na nyumba za udongo na makuti zilienea hadi nje. Magofu hayo yalipewa ulinzi wa kisheria mwaka 1929, na kati ya 1948 na 1958 mwanaakiolojia James Kirkman aliyafyeka, akachimba na kuimarisha kuta, akizipa nyumba majina ya vitu vilivyopatikana ndani yake, kama vile nyumba ya mkasi na nyumba ya simbi. Mwaka 2024 Gede iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Jambo la kushangaza ni kwamba mji huo mkubwa hautajwi popote katika maandishi ya Wareno waliokaa Malindi, jirani kabisa, ilhali Mtang'ata, mji mdogo zaidi, ulitajwa kwa sababu ya kuku na machungwa yake.

Swali lililo gumu zaidi ni namna ya kukarabati, na hapo mfano wa Carcassonne una funzo kwa pwani ya Tanga. Mji ule, wenye kuta mbili za urefu wa karibu kilometa 3 na minara 52, ulipoteza umuhimu wa kijeshi baada ya mkataba wa mwaka 1659 kuusogeza mpaka wa Hispania kusini, na katikati ya karne ya 19 serikali ilikusudia kuubomoa hadi wananchi na wanazuoni walipopinga. Msanifu Eugène Viollet-le-Duc alianza kuukarabati mwaka 1853, akaufanya uwe kamili na wa kupendeza, lakini tangu zama zake hadi leo wapo wanaomlaumu kwa kuivika minara mapaa ya vigae vya mawe meusi yenye ncha kali, yanayofaa Ufaransa ya kaskazini kuliko ya kusini. Alijenga mji kama alivyoamini ulistahili kuwa, na mtazamaji wa leo hawezi kutofautisha kwa urahisi jiwe la karne ya 13 na la karne ya 19.

Kwa Tongoni njia hiyo ingekuwa hasara. Kuisimamisha upya kila nguzo iliyoanguka na kuuezeka msikiti kwa kubahatisha kungewapa watalii picha nzuri na kuwanyima wanafunzi ushahidi. Linalotakiwa ni uhifadhi wa kushikilia, ambao maana yake ni kuimarisha kilichosimama, kung'oa miche ya miti kabla mizizi yake haijapasua kuta, kuziba nyufa kwa chokaa, kuviandika na kuvipiga picha vipande vilivyoanguka pale vilipo, na kuyalinda makaburi na maji ya bahari kwa kuitunza mikoko ambayo huvunja nguvu ya mawimbi. Kazi hiyo si ya gharama ya kutisha, ila inataka kufanywa kila mwaka bila kukatizwa, na inataka mafundi wanaokaa karibu. Vijana wa Tongoni wakifundishwa kuchoma na kuzima chokaa, kijiji kitapata ajira na magofu yatapata walinzi wenye sababu ya kuyapenda.

Haitakiwi pia kusahauliwa kwamba hapa ni msikitini na makaburini. Huko Kaole kaburi la Sharifa hutembelewa hadi leo na watu wanaokwenda kuomba dua, na adabu hiyo hiyo yafaa itawale Tongoni: mgeni avae mavazi ya stara, asipande juu ya kuta wala kukalia makaburi, asiokote kigae hata kiwe kidogo kiasi gani, kwa sababu kipande cha kauri kikitolewa mahali pake hakimwambii tena mchunguzi chochote kuhusu nyumba au kaburi kilikotoka.

Mchana uliobaki unatosha kwenda Pangani kuona nyumba za kale za mtoni, au kurudi Tanga na kuitazama bandari, ambapo kisiwa cha Toten, kilicho mbele ya mji, nacho kina mabaki ya misikiti ya zamani kando ya makaburi ya Wajerumani. Walimu wa shule za Tanga, Muheza na Pangani wana somo kamili la historia, jiografia na ujenzi lililo umbali wa safari ya asubuhi moja, na wanaombwa walitumie. Wazazi nao wawapeleke watoto, walipe kiingilio, wamsikilize mwongozaji, na wakiona ukuta umeanza kupasuka au nguzo imeinama, watoe taarifa kwa Idara ya Mambo ya Kale kabla ya masika kuanza.